Mstari Mmoja, Kidole Hakiinuki

Ukitoka Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, ukashika njia ya magharibi hadi Dilolo, unaingia nchi ya Wachokwe. Huko ndiko kwenye sona, michoro ya mchangani. Mzee husawazisha mchanga kwa kiganja, akachapa nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, nafasi sawasawa. Kisha kidole kinaanza kuzizunguka nukta huku mdomo ukisimulia. Hakisimami, hakiinuki. Akisita tu, watazamaji wanacheka: bado hajaiva. Mstari ukirudi ulikoanzia, mbele yao kuna kobe, au njia ya kuku anayekimbizwa, na kwa kutazama tu huwezi kujua kidole kilianza wapi.

Michoro myepesi vijana walifundishwa jandoni, katika mukanda. Ile migumu ilibaki kwa mabingwa, akwa kuta sona, na warithi wao.

Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, aliichambua kwa miaka mingi. Katika sona zilizosukwa kama mkeka, safu 5 za nukta 6 zinatoshwa na mstari mmoja. Safu 4 za nukta 6 zinadai mistari 2. Siri ni kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili. Mzee hakuandika kanuni hiyo popote, aliibeba kidoleni.

Waandishi wa programu za kompyuta nao wana mchezo wa ukoo huu. Mwaka 1984 Landon Curt Noll na Larry Bassel walianzisha shindano la kuandika, kwa lugha ya C, programu isiyosomeka lakini inayofanya kazi. Mwaka 1988 Brian Westley alizipanga herufi za programu yake zikawa duara, nayo ikakokotoa pai kwa kupima eneo lake yenyewe. Ni kazi nzuri mno: umbo ndilo hesabu.

Kweli, programu za kazi, kama zile za mgodini, lazima zisomeke, maana maisha ya watu yamo humo. Lakini anayeweza kuficha maana hivi bila kuiharibu programu ameielewa lugha yake hadi mizizi, na vijana wetu wanastahili kufika huko.

Walimu wa informatiki wa Kolwezi, wapeni wanafunzi shindano: programu fupi, yenye umbo la sona, inayochora sona. Na waamuzi watoke kwa Wachokwe wa Dilolo na Sandoa, wazee wanaojua mstari unapita wapi.