Kitabu Gani cha Mitishamba Kiingie Katika Shanta la Askari?

Mwaka 1879 mmisionari mmoja wa utabibu kutoka Uingereza, Robert Felkin, alishuhudia mahali paitwapo Kahura, katika Bunyoro, jambo ambalo wenzake wa Ulaya waliliona la kustaajabisha: mganga wa kienyeji akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua na kumtoa mtoto akiwa hai. Maelezo yake yalichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyo hiyo mganga aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa. Kidonda kilibanwa kwa pini saba za chuma na kufungwa kwa uzi wa gome la mti. Kisha kikapakwa rojo la mizizi ya namna mbili iliyotafunwa, na juu yake likawekwa jani la mgomba lililopashwa moto. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona.

Felkin alihesabu pini, na hata umbo la kisu hakuliacha. Bali mizizi ile miwili hakuitaja kwa jina. Hivyo basi sisi tulio Kampala leo twajua chuma kilichotumika, wala hatujui dawa iliyotumika.

Ndugu askari, nimeanza na kisa hicho kwa kuwa kinanipa kipimo cha kuvipimia vitabu ninavyotaka kuvizungumzia. Kitabu cha mitishamba hakina budi kutuambia ni mmea gani, ni sehemu ipi ya mmea, ni kiasi gani, na ukizidisha au ukikosea nini kitakupata. Kitabu kinachojibu maswali mawili tu kati ya hayo ni sawa na ramani isiyo na kaskazini.

Wala simwandikii mtu wa ofisini. Nilipokuwa luteni mpya nikiongoza platuni mbali na zahanati, koplo mmoja, mtu shupavu kuliko wengi niliopata kuwaongoza, alishikwa na homa. Nilipomwuliza kama amekwenda kupimwa damu alinijibu kwa adabu: “Afande, mama yangu ametulea watoto tisa kwa majani haya.” Majani yenyewe yalikuwa mululuza, ule mmea mchungu unaoota karibu kila ua wa Buganda, ambao wataalamu huuita Vernonia amygdalina. Nami, kwa kuwa nililelewa kwa majani hayo hayo, nilinyamaza. Siku ya nne tulimbeba kwa machela, haijui hata namba yake ya jeshi. Alipona, namshukuru Mungu; lakini ukimya wangu wa siku ile sijausahau, na ndio ulionipeleka kwenye vitabu.

Kongwe na kubwa kuliko vyote ni kile cha Watt na Breyer-Brandwijk juu ya mimea ya dawa na ya sumu ya kusini na mashariki mwa Afrika. Toleo la mwaka 1962 lina kurasa zaidi ya 1,400. Ubora wake umo katika jina lake: dawa na sumu zimewekwa chini ya paa moja, jinsi zilivyo porini. Lakini kimeandikwa kwa wakemia na madaktari wa mifugo, na uzito wake ni wa sanduku la risasi. Kisomeni maktabani.

Cha pili ni cha Mkenya, Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1976 na East African Literature Bureau, na toleo la tatu likatoka mwaka 2009. Hiki nakipenda. Kokwaro alifanya kazi ambayo Felkin hakuifanya: aliwauliza wenyeji majina. Humo utayakuta majina ya Kiluganda, Kijaluo, Kikikuyu, Kiswahili na lugha nyingine nyingi, kila moja likielekezwa kwenye jina moja la kitaalamu. Askari aliyezaliwa Gulu na kupelekwa Mbarara aweza kwa msaada wake kugundua kuwa mti anaoonyeshwa ni ule ule wa kwao wenye jina jingine. Hilo si jambo dogo katika jeshi lenye makabila yote ya nchi.

Hata hivyo kitabu hiki kina pengo, nalo lafaa kusemwa wazi. Mara nyingi utaambiwa mizizi huchemshwa na maji yake hunywewa kwa ugonjwa wa tumbo, basi. Mizizi mingapi, maji kiasi gani, kwa siku ngapi, hukuti. Mwandishi aliandika aliyoambiwa na waganga, naye mganga hupima kwa mkono wake na kwa kumtazama mgonjwa; vipimo hivyo haviingii kwa urahisi katika karatasi. Msomaji mwenye haraka huchukua orodha ya desturi akaifanya cheti cha daktari.

Chukueni mfano wa amaduudu, yaani Datura. Tangu zamani watu wamevuta moshi wa majani yake kwa ajili ya pumu, na jambo hilo lina msingi, kwa maana mmea huo una atropini, ambayo hulegeza njia za hewa. Wale waliofundishwa kujikinga na gesi za sumu wanaifahamu atropini: ni dawa ile ya sindano dhidi ya gesi ya neva. Lakini katika sindano imepimwa kwa miligramu. Katika jani hakuna aliyeipima. Mmea mmoja huwa mkali kuliko jirani yake. Anayezidisha hukauka kinywa, mboni zake hupanuka, akaanza kuona watu wasiokuwapo. Fikirini mtu huyo yuko lindo usiku na bunduki mkononi.

Cha tatu kilitolewa Nairobi mwaka 1995, nacho chahusu miti na vichaka vyenye manufaa nchini Uganda. Waliokiandika ni Katende, mtaalamu wa mimea wa Makerere, pamoja na Birnie na Tengnäs. Kwa kweli si kitabu cha dawa. Kiliandikwa kwa ajili ya wakulima na mabwana misitu, na neno “dawa” hutajwa tu kati ya kuni, mbao na kivuli. Lakini kina michoro! Unaliona jani, ua na tunda, unayasoma majina ya lugha zetu, na mahali mti unapoota. Mti wa abasi, Warburgia ugandensis, ambao gome lake kali kama pilipili watu hutafuna kwa kikohozi na maumivu ya meno, utautambua kwa mchoro bila kumwuliza mtu.

Je, askari anufaike nini na haya yote ilhali zahanati ipo? Jibu lenye nguvu kuliko yote limetoka Uchina, tena limetoka jeshini. Katika vita vya Vietnam malaria ilikuwa ikiwaangusha askari wa Vietnam Kaskazini, nao wakaomba msaada Beijing. Tarehe 23 Mei 1967 ukaanzishwa mpango wa siri ulioitwa 523, kwa kufuata tarehe hiyo. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walifukua vitabu vya kale vya mitishamba na kujaribu mamia ya dawa. Mmea mmoja, Artemisia annua, uliwapa tumaini kisha ukawavunja moyo. Aliporudi kusoma kitabu cha Ge Hong, kilichoandikwa katika karne ya nne, Tu Youyou aliona kwamba mwandishi aliagiza mmea uloweshwe majini na kukamuliwa. Hakutaja kuchemsha. Moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa! Akaitoa bila joto kali, na mwaka 1971 ikafanya kazi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kitabu cha miaka zaidi ya 1,600 kiliokoa majeshi kwa sababu mwandishi wake alitaja kiasi cha mmea, kiasi cha maji na namna ya kutayarisha.

Wapo leo wanaopanda Artemisia nyuma ya nyumba na kunywa chai yake badala ya vidonge, wakidai wanamfuata Tu Youyou. Hawamfuati. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba halikubali chai hiyo kama tiba au kinga ya malaria, maana kiasi cha dawa ndani yake hubadilika na mara nyingi hakitoshi. Vimelea vilivyoonja dawa pungufu hujifunza kuistahimili, na mwaka 2021 watafiti walitangaza kuwa usugu dhidi ya artemisinini umeonekana kaskazini mwa nchi yetu. Anayetetemeka kwa homa apimwe damu, ameze dawa mseto na kuimaliza dozi. Mululuza ataikuta uani akirudi likizo.

Kwa ndugu zetu wa polisi nina neno la pembeni. Msako unapokuta vifurushi vya magome au vijiti vya mumbwa nyumbani kwa mtu, hiyo peke yake si hatia. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957 yenyewe inatenga utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia njema, na sheria ya mwaka 2019 imewatambua waganga wa tiba asili na kutaka waandikishwe. Penye shaka ya sumu, tawi zima lenye majani na maua litamsaidia mtaalamu kuliko unga ulio mfukoni. Na Maabara ya Serikali iko hapa hapa Wandegeya.

Mkiniuliza basi, nitasema Kokwaro awekwe katika chumba cha tiba cha kila kambi, karibu na daktari, na kurasa zake zisitolewe nakala na kuzungushwa bwenini kama nilivyokwisha kuona. Katende na wenzake waingie katika shanta. Nakala yangu imelowa mvua mara mbili na jalada limeng’oka, lakini michoro bado inaonekana.