Mtungi wa Gesi Urudisheni Jikoni

Hapana. Mtungi wa gesi haufai kuwa boila ya garimoshi dogo, hata uwe mpya, hata shemeji yako awe mchomeleaji wa meli bandarini. Swali hili nimelijibu sokoni, nimelijibu msibani, na mara moja nimelijibu kwa ishara za mikono nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Mwezi uliopita lilinijia mara tatu, na huyo wa tatu alipiga hodi mtungi wenyewe ukiwa begani. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya vali za silinda na namna ya kuzirekebisha. Zitasubiri.

Ninaozungumza nao hapa ni wale wanaotaka kutengeneza garimoshi la mvuke la kweli, dogo tu kwa umbo: fremu ya chuma, boila ya shaba, reli yenye upana wa inchi 3½ au 5, moto unaowaka, maji yanayochemka, na fundi mwenyewe amekaa kwenye kigari nyuma akivutwa. Waingereza walibishana kama jambo hilo linawezekana kwenye reli ndogo mpaka mwaka 1924, pale mwandishi aliyejiita LBSC alipoingia London na Ayesha, garimoshi lake la reli ya inchi 2½, boila ya mabomba mengi na moto wa makaa ya mawe, akavuta watu. Ubishi ule ukaisha. Umebaki wa mitungi.

Kijana wa mtungi alikuwa amejiandaa. "Mzee, huu umepimwa kiwandani kwa presha kubwa kuliko boila yoyote uliyowahi kutengeneza. Mimi nataka bar 5.5 tu. Sasa ubaya uko wapi?"

Hoja hii inanasa watu kwa sababu namba zake ni sahihi. Mtungi wa gesi ya kupikia hupimwa kwa presha ambayo ni mara kadhaa ya hizo bar 5.5. Lakini mwanangu, uliopimwa ni mtungi mzima, wa baridi, wa kukaa mkavu ndani. Wewe unataka kuutoboa, kuuweka motoni na kuujaza maji. Cheti cha kiwandani hakijui lolote kuhusu mtungi huo wa pili.

Tuanze na kutoboa, na hapa sizungumzii hata ile hatari ya kukata mtungi wenye mabaki ya gesi, ambayo imewaondoa mafundi wazoefu kuliko kijana yule. Boila ya garimoshi ina chumba cha moto ndani yake, na chumba cha moto kina kuta bapa. Mtungi ni imara kwa sababu ni mviringo. Presha inauvuta sawasawa pande zote na hakuna mahali pa kuinama. Bati bapa halina bahati hiyo, linataka kuvimba liwe mviringo nalo. Chukua ukuta wa sentimita 10 kwa 12, ukubwa wa bahasha ndogo. Kwa bar 5.5 ukuta huo unasukumwa na nguvu ya zaidi ya kilo 660. Ni mifuko 13 ya saruji imekalia bahasha. Ndiyo maana boila halisi hushonwa: vijiti vya shaba vinapita kutoka ukuta wa ndani hadi wa nje, kila baada ya sentimita mbili hivi, kama godoro lililoshonwa vifungo. Nilimuuliza kijana vijiti vyake viko wapi. Akasema bati lake ni nene.

Halafu kutu. Gesi ya kupikia haina maji wala hewa, kwa hiyo tumbo la mtungi halina cha kuogopa miaka yote. Boila ya kujifurahisha ndiyo maisha mabaya kuliko yote kwa chuma: Jumapili inachemka, Jumatatu imepoa na unyevu ndani, hewa imeingia, wiki tatu imekaa chini ya meza. Kutu ya namna hiyo hailambi bati lote sawasawa. Inachimba vishimo. Bati la milimita mbili au tatu linaonekana zima kwa nje, limepakwa rangi, linang'aa, na ndani kuna kishimo kilichobakiza unene wa kucha. Wapo wanaotengeneza boila ndogo za chuma, najua, nisiandikiwe barua. Wanatumia bati maalumu la boila, nene kuliko hesabu inavyodai ili kutu ipate cha kula, wanatia dawa kwenye maji, na wanakagua kila mwaka. Hawaokoti chuma nyuma ya jiko.

Na moto. Palipo na maji nyuma yake, bati halipandi sana juu ya joto la maji yenyewe, ambalo kwa bar 5.5 ni nyuzi 162 hivi. Maji yakishuka, bati lililobaki kavu linapanda mpaka linaanza kuwa jekundu, na chuma cha kawaida kikifika nyuzi 600 kimekwisha poteza nusu ya nguvu zake au zaidi. Boila iliyochorwa vizuri ina kioo cha maji mbele ya macho ya dereva, ina njia mbili za kuingiza maji, moja ikigoma nyingine ipo. Mtungi wa kijana ulikuwa na tundu moja, lile la regyuleta.

Kipimo cha mwisho ni rula. Bar 5.5 zake, nilikuja kujua, alizitoa kwenye michoro ya Tich, kile kijigarimoshi cha LBSC cha reli ya inchi 3½ ambacho wanaoanza wengi wamejifunzia; presha yake ni paundi 80 kwa inchi ya mraba, na hizo ndizo bar 5.5. Sawa. Reli hiyo ina upana wa sentimita 9 kasoro kidogo. Mtungi wa kilo 6 una kipenyo cha karibu sentimita 30. Alikuwa anataka kumpandisha tembo baiskeli. Nilipomwonyesha, hakutetereka hata kidogo. Akasema basi atatafuta mtungi wa kuzimia moto, ule mwembamba.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu ukubwa. Mtungi ule ukiwekwa lita 10 za maji na ukapasuka kwa presha hiyo, shida si mvuke uliokuwa juu ya maji. Ni maji yenyewe. Yalikuwa nyuzi 162, yakazuiwa na presha yasigeuke mvuke. Presha ikiondoka ghafla, karibu sehemu moja ya kumi inageuka papo hapo. Ni kilo moja ya maji, na kilo moja ya maji ikiwa mvuke inajaza mapipa manane ya lita 200. Mapipa manane yanazaliwa ndani ya karakana yako kwa kufumba na kufumbua, yakisukuma vipande vya chuma mbele yake.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nipandishe sauti. "Lakini mzee, tumeshaupima. Tuliupeleka kwa fundi wa pancha, tukaujaza upepo, tukapaka povu la sabuni. Haukuvuja hata tone."

Upepo! Kama msomaji atasahau yote yaliyotangulia, hili asilisahau: boila haipimwi kwa upepo wa kompresa. Inapimwa kwa maji baridi. Na kutovuja si uimara. Puto pia halivuji, mpaka lipasuke.

Hesabu yake ni fupi. Chukua boila ya lita 3, uipime kwa bar 11, yaani mara mbili ya presha ya kazi, ndivyo boila mpya inavyopimwa. Ukijaza upepo, umebana ndani ya chombo hicho nguvu inayotosha kuurusha mfuko wa saruji wa kilo 50 hadi kwenye paa la nyumba ya ghorofa moja. Ukijaza maji, maji ni kama hayabaniki. Lita zote tatu zitapungua kiasi kisichofika nusu ya kijiko cha chai, na nguvu iliyojificha ndani yake inatosha kuinua nyanya moja ndogo kutoka sakafuni hadi mezani. Chombo ni kilekile, presha ni ileile, tofauti ni zaidi ya mara elfu tatu. Fundi wa pancha, ambaye namheshimu kwa kazi yake, alisimama na sabuni yake mbele ya mfuko wa saruji ulio tayari kuruka.

Ninavyopima mimi ni hivi. Boila naiziba matundu yote isipokuwa mawili. Naijaza maji kwenye ndoo, naiinamisha huku na huku mpaka kiputo cha mwisho cha hewa kitoke, kwa sababu hewa ikibaki ndani umerudi kwa fundi wa pancha kwa mlango wa nyuma. Nafunga geji ninayoiamini kwenye tundu moja na pampu ya mkono kwenye jingine. Chini natandika gazeti kavu. Kisha polepole: bar 3, nasimama, naangalia. Bar 6, naweka rula kwenye kuta bapa na kutazama mwanga kati ya rula na shaba; mwanga ukibadilika, ukuta unavimba. Bar 9. Bar 11, nafunga vali, naweka saa mezani. Kama kuna kiungo kibovu, kitatoa jasho, tone dogo linalokua taratibu na kuangukia habari za michezo. Mara moja kiungo kilifunguka kabisa nikiwa nimekiinamia. Ilitoka sauti kama ya kubanja njugu, mshale wa geji ukalala, mkono wa shati langu ukalowa. Nikaenda kunywa chai. Ingekuwa upepo, makala hii angeiandika mwingine.

Baada ya hapo ndipo moto unawashwa mara ya kwanza, na kazi inabaki moja: vali ya usalama ithibitishe kwamba, moto ukiwa mkali kabisa na mvuke hautumiki, presha haizidi asilimia 10 juu ya ile ya kazi. Ikizidi, vali ni ndogo. Kukaza springi yake si dawa. Ni kurudi kwenye mtungi.

Haya, yanayofaa, haraka haraka maana nafasi inakwisha. Tengeneza gari kwanza, boila baadaye. Fremu, magurudumu na silinda unaweza kuviendesha kwa upepo wa bar 2 mezani, hapo kompresa ya jirani inaruhusiwa, na wapo walioridhika na hapo maisha yao yote. Boila tengeneza kwa shaba nyekundu kwa kufuata mchoro uliokwisha kutumiwa na watu, usipunguze unene wala vijiti, au agiza iliyokamilika yenye cheti. Bei itakuuma, lakini ni mara moja. Viungo ni lehemu ya fedha, inayoyeyuka juu ya nyuzi 600. Lehemu ya redio inayeyuka kwenye nyuzi 180 na kitu, na mvuke wako uko 162: maji yakishuka kidogo tu, pengo hilo limekwisha. Shaba ya njano usiitumie ndani ya maji ya boila. Zinki yake inatoka taratibu na kuacha kitu kama biskuti. Tumia shaba iliyochanganywa na madini ya bati. Maji ya mvua, si ya kisima cha Pwani, chumvi yake itaziba kila bomba. Makaa mazuri ya mawe hayapatikani kirahisi kwetu. Mkaa wa kawaida unawaka vizuri ila unakwisha upesi, kwa hiyo usiwe mbali na koleo. Ukitaka kuvuta watoto siku ya maonyesho ya shule, tafuta mkaguzi wa boila mwenye kibali kabla ya kuchapisha kadi.

Na tafadhali usianze na lile jitu la garimoshi liitwalo Garratt. Kila aliyepita Makumbusho ya Reli ya Nairobi akaiona Mount Gelai ya daraja la 59 anatoka pale na ndoto ileile. Ile ina karibu mita 32. Kwenye reli ya inchi 5, ambayo kwa reli yetu ya mita moja ni kipimo cha moja kwa nane, ni mita nne za shaba na chuma, na seti mbili za silinda. Waliochora Garratt hizo pale Manchester hawakuanza na hiyo. Anza na kitu cha magurudumu manne.

Kijana nilimpa michoro ya Tich aende nayo nyumbani na orodha ya vipande vya shaba vya kununua. Mtungi aliuacha mlangoni kwangu kwa hasira, na jioni mama yake alipiga simu kuuulizia, kwa sababu maharage yalikuwa hayajaiva.