Mtoto Aliyeibeba Senema

Wazazi wengi, hapa Gataka na kwingineko, hudhani kuigiza ni upuuzi unaomtoa mtoto katika vitabu vyake. Yafaa waitazame senema ya Kenya iitwayo Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kuonyeshwa Berlin, Ujerumani, mwaka 2018. Humo binti mdogo, Stycie Waweru, aliigiza Jo, mtoto wa miaka 9 mwenye ugonjwa usioponyeka, anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitali ili siku zake zilizobaki azimalize nyumbani. Dada yake anawashawishi wanakijiji wote kumtimizia ndoto hiyo.

Mwaka ule ule Kenya iliiteua senema hiyo iiwakilishe katika mashindano ya Oscar, Marekani. Uzito wake wote ulikuwa juu ya mtoto: watazamaji wasingalimwamini yeye, hadithi ingalianguka. Hiyo ni kazi, wala si upuuzi. Basi mzazi amlindie mwanawe masomo na mapumziko, lakini asikizime kipaji chake. Jo hakupata uzima, alipata nafasi. Sisi ambao watoto wetu ni wazima, tuwanyime nafasi kwa sababu gani?