Leza ndogo kwa ngozi yenye madoa mengi

Kwa mtu mwenye ualbino aliyechomwa na jua tangu utotoni, kliniki ya ngozi haiachani na kisu. Leo kinatiliwa shaka kidonda cha sikioni, mwezi ujao gamba la shingoni, na kila mara daktari anachoma sindano ya ganzi, anakata kinyama na kukipeleka maabara. Kipimo hicho ndicho cha kutegemewa kuliko vyote, lakini kovu hubaki hata pale jibu linapokuja kwamba hakuna saratani. Kwa ajili ya wagonjwa hawa nazifuatilia kwa hamu leza zinazoweza kuzitazama seli za ngozi zikiwa hai, bila kukata chochote.

Nadharia yake ni ya zamani. Katika tasnifu iliyochapishwa mwaka 1931, Maria Göppert-Mayer wa Göttingen, Ujerumani, alionyesha kwa hesabu kwamba molekuli inaweza kumeza fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga, kwa wakati mmoja. Ili jambo hilo litokee, fotoni sharti zisongamane mno, na taa ya kuzisonga namna hiyo haikuwapo hadi leza ilipopatikana mwaka 1960. Mwaka 1990, Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliitumia nadharia hiyo kuunda hadubini.

Leza ya hadubini hiyo haimuliki mfululizo. Hutoa mapigo mafupi ajabu, kila moja la takriban femtosekunde 100, muda ambao mwanga husafiri umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Pigo lenyewe ni kali, ila kati ya pigo na pigo kuna utulivu mrefu, hivyo ngozi haiungui. Fotoni hukutana mbili mbili pale tu miale inapokusanyika, na nukta hiyo peke yake ndiyo hung'aa. Mashine huisogeza nukta hiyo mstari kwa mstari mpaka picha ikamilike. Hakuna rangi inayodungwa: kemikali zilizomo ndani ya seli hung'aa zenyewe, kiini cha kila seli kikionekana kama shimo jeusi. Palipo na saratani changa, seli hupoteza mpangilio na viini hutofautiana ukubwa.

Kwa miaka mingi mitambo hii ilitegemea kioo cha yakuti yenye titani, kilichohitaji leza nyingine ya kukiendesha, meza nzito na fundi wa kuvilenga vioo. Leza za nyuzi za kioo zimebadilisha hali. Mwanga huzaliwa ndani ya uzi wenye madini ya erbi, uliokunjwa kwenye kisanduku. Hutoka ukiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 1560, kisha fuwele huupunguza hadi 780, unaoifaa ngozi. Kwa kuwa mwanga unabaki ndani ya uzi, mtikisiko wa safari hauupotoshi kirahisi. Kwangu hapo ndipo penye tija, maana kifaa kinaweza kumfuata mgonjwa.

Lakini melanini, rangi ya asili ya ngozi, ina neno lake. Hadubini nyingine ya leza, ya konfoka, hutegemea sana mwanga unaorudishwa na melanini, ambayo mwenye ualbino anayo kidogo. Hii ya fotoni mbili haiitegemei kiasi hicho. Kwenye ngozi nyeusi, kinyume chake, melanini humeza mwanga na kupata joto, hivyo nguvu ya leza lazima ipimwe upya. Mwaka 2020, utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni, ambavyo navyo hutumia mwanga unaopita kwenye ngozi, vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kosa hilo lisirudiwe kwenye ngozi yenyewe.

Mahali pa kuijaribu leza hii tunapo: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kinachowahudumia watu wenye ualbino na ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun ya kukinga ngozi na jua. Doa lipigwe picha kwanza, kisha likatwe, na majibu yalinganishwe. Na uvimbe mnene uendelee kukatwa, kwa sababu mwanga huu unaona takriban sehemu mbili za kumi za milimita tu.