Utangulizi: Akili za Ndege na Mahali Wanapoishi

Mkazi wa Daraja Mbili, Arusha, akisema anataka kujifunza habari za ndege, kwa kawaida huelekezwa mbali na kwake. Ataambiwa aende Momella akaone heroe, au apande gari mpaka Ziwa Natron wanakozaliana, au ajichange afike Serengeti. Mimi namwelekeza juu ya bati la jirani. Pale pana kunguru mwenye kifua cheupe, pana shomoro, na angani mwewe anazunguka akitafuta kilichodondoka. Hakuna aliyewafuga ndege hawa wala anayewagawia chakula. Wanaishi katikati ya watu, lakini ni ndege wa mwitu sawasawa na tai wa mlimani, na kila mmoja ana hesabu ya kumaliza kabla jua halijatua: ale, asiliwe, asinyang'anywe, na ikiwa ni majira yake, alishe makinda.

Kitabu hiki kinahusu hesabu hiyo. Wasomi wameigawa elimu hii mafungu matatu. Akili ni namna ndege anavyopata habari, anavyozikumbuka na kuzitumia. Mwenendo ni yale anayoyatenda. Ikolojia ni uhusiano wake na mahali alipo: chakula, maadui, mvua, majirani. Mafungu haya yanafaa kwa kupanga ratiba za chuo. Porini hayatengani, na mwanafunzi anayeshika moja akaacha mawili atafika katikati ya njia tu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ndege gani ana akili zaidi? Nalielewa, ila halinipendezi. Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe waliamini kwamba ubongo wa ndege ni mdogo mno kubeba fikra zozote za maana. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi ya watafiti waliohesabu seli za neva katika bongo za ndege wa aina mbalimbali. Walikuta seli zimesongamana kuliko katika ubongo wa mamalia wenye uzito uleule, hata kasuku na jamii ya kunguru wakawa na seli, kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, zinazolingana na za baadhi ya kima au kuzizidi. Basi dharau ile imekwisha. Hata hivyo, kuwapanga ndege kwa daraja za akili, kana kwamba wote walikaa mtihani mmoja, hakutufikishi popote. Chozi hahitaji akili ya kunguru. Mahali anapoishi humuuliza maswali mengine kabisa, na kazi yetu ni kuyajua maswali hayo kwanza.

Tuanze naye huyo chozi. Ni ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anyonyaye nekta ya maua. Ukipanda Mlima Meru utawakuta wa aina kadhaa. Mmoja wao, chozi mwenye mbawa za dhahabu, ni wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walimchunguza nchini Kenya. Waliona kwamba siku nyingine chozi huyu hujitwalia kipande cha maua na kumfukuza kila aingiaye, na siku nyingine hajali. Kwa nini agombane, na kwa nini aache?

Walipiga hesabu ya nguvu. Chozi akitulia tawini hutumia kalori 400 hivi kwa saa. Akinyonya maua, 1,000. Akifukuza wezi, 3,000. Kalori hizi ni zile ndogo kabisa, za kupimia mwili wa gramu chache. Maua yanayoibiwa ovyo hubaki na nekta kidogo, na maua yaliyolindwa hujaa. Ua likiwa na mikrolita mbili, ndege anahitaji saa nne kupata riziki ya siku. Likiwa na tatu, saa mbili na dakika arobaini hivi zinatosha. Muda anaookoa anakaa tu, na kukaa ni nafuu. Akiba inakuja kalori 780 kwa siku. Ulinzi wenyewe, uliochukua kama robo saa na ushei kwa siku, unamgharimu 728 zaidi ya zile ambazo angetumia akikaa tu. Faida ipo, lakini nyembamba mno! Nekta ikiwa tele kila mahali, au wezi wakiwa wengi kupita kiasi, faida hiyo inayeyuka na ndege anaacha ugomvi. Vipande vyao vilitofautiana sana kwa ukubwa wa ardhi, lakini idadi ya maua ndani yake haikupishana kiasi hicho.

Sisemi chozi anakaa tawini akijumlisha na kutoa. Nasema kwamba mwenendo wake unabadilika sambamba na hesabu, kwa hiyo kuna kitu ndani yake kinachopima. Kujua kitu hicho ni nini ndiyo kazi ya elimu ya akili. Kujua kwa nini kipo ndiyo kazi ya ikolojia. Mholanzi Niko Tinbergen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alikuwa amekwisha kutuonya tangu 1963 tusichanganye maswali haya. Ukimwona kwera dume akisuka kiota juu ya maji ya Ziwa Duluti, unaweza kuuliza misuli na homoni zipi zinamwendesha; amejifunza wapi; kiota kinamfaidia nini; na mababu zake walijengaje. Majibu manne, yote ya kweli, hakuna linalofuta jingine. Kuhusu kujifunza, Nicholas na Elsie Collias walionyesha miaka ya 1960 kwamba kwera dume mchanga husuka ovyo, na akinyimwa majani ya kuchezea utotoni, ukubwani anachelewa kuwa fundi. Kuhusu faida, jike ndiye mkaguzi. Hupenda kiota kibichi. Kikikauka na kugeuka rangi ya udongo bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa na kuanza upya. Mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda hifadhini aende Duluti. Liko Tengeru, si mbali.

Sasa niingie kwenye habari ambayo, kwa maoni yangu, hakuna nchi inayoweza kuisimulia vizuri kuliko nchi zetu. Ni habari ya mlembe. Ndege huyu mwenye rangi ya kijivu, asiyevutia macho, humjia mtu na kupiga kelele, kisha huruka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Mtu ana moto na shoka. Ndege ana habari. Mtu huchukua asali, na ndege hula nta na buu wa nyuki. Wazee walilijua jambo hili tangu zamani, lakini wasomi wengi walilichukulia kama hadithi ya porini, mpaka mwaka 1989 Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walipochapisha vipimo vyao kutoka kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Bila ndege, warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Wakiongozwa na ndege, saa 3.2.

Kisha swali likageuzwa: je, ndege naye anamwelewa mtu? Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi humwita mlembe kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa sauti ya kutetemesha ulimi inayoishia na mguno. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha matokeo ya kuzipiga sauti hizo kwa spika katika sehemu zote mbili. Milembe wa kwa Wahadza waliitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Kiyao, na kule Niassa ikawa kinyume chake. Ndege wa aina ileile, lugha mbili.

Nani amemfundisha? Wazazi wake hapana. Mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake huanguliwa likiwa na kulabu mdomoni la kuwaulia makinda ya mwenye nyumba. Analelewa na wageni wasiojua lolote juu ya asali. Kwa hiyo wito wa wenyeji anaujifunza ukubwani, kwa kukaa na wenyeji. Na wenyeji wenyewe hawafanani. Wayao humwachia nta kama ujira wake. Wahadza mara nyingi huichoma au kuifukia, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Ukitaka kueleza akili ya mlembe bila kutaja mila za watu walio jirani naye, utashindwa.

Elimu hii ina historia yake nchini, na haikuanza jana. Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kuanzia mwaka 1928, aliandika mwaka 1944 moja ya kazi za mwanzo za kulinganisha idadi ya mayai: ndege wa nchi zenye joto hutaga machache kuliko ndugu zao wa kaskazini. Kwa nini iwe hivyo bado kunabishaniwa. Yeye na mkewe Winifred walikesha pia na viota vya hondohondo, ambaye watu wa Arusha hawana haja ya kusimuliwa. Kelele zake juu ya mikuyu mikubwa zinatosha. Jike hujizibia ndani ya tundu la mti kwa udongo anaoletewa na dume, likabaki tobo jembamba la kupitishia chakula. Hesabu moja inayonukuliwa mara nyingi inamkadiria dume kuleta matunda 24,000 katika safari 1,600 kwa msimu mmoja. Huyo anatakiwa kujua kila mkuyu umeiva lini. Niongeze jambo lililoachwa pembeni katika maandishi mengi ya zama zile: wasaidizi wenyeji ndio mara nyingi waliogundua viota, na majina yao hayakuingia kwenye vichwa vya makala.

Mlima Meru wenyewe nao ni mwalimu. Upande wa kusini una mvua, migomba na msitu. Zunguka kaskazini magharibi, utaingia tambarare kavu ya Angyata Osugat, nyasi fupi zinazolishwa na mifugo ya Wamaasai. Hapo ndipo pekee duniani anapoishi kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo wa kutembea ardhini, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1966. Mpe msitu wa Meru wote, hatakuwa na kazi nao.

Nakuja kwenye namna ya kufanya. Kibali cha utafiti rasmi hutafutwa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), ambayo makao yake yako hapahapa Arusha. Kutazama kwa kujifunza hakuhitaji zaidi ya daftari, saa, na darubini ukiipata. Viota usivishike, kwa kuwa njia unayoifungua kwenye majani ataifuata paka. Kanuni kubwa imetoka jirani: Jeanne Altmann, aliyechunguza nyani wa Amboseli, alieleza mwaka 1974 jinsi jicho linavyotudanganya kwa kukimbilia mnyama mwenye vituko. Dawa yake ni kuchagua ndege mmoja kabla hajafanya lolote, kumfuata kwa muda uliopangwa, na kuandika kila anachofanya. Au kulipitia kundi zima kila baada ya dakika kadhaa na kuandika kila mmoja yuko katika hali gani.

Nakushauri uanze na shomoro au kunguru, nusu saa kila asubuhi, mahali palepale. Siku za kwanza utachoka, maana ndege hutumia muda mwingi akiwa amekaa tu, na mkono utakuvuta uruke mistari hiyo ungoje jambo. Usiiruke. Andika "amekaa" na dakika zake. Hesabu yote ya Gill na Wolf ilisimama juu ya saa ambazo chozi alikuwa tawini, hafanyi kitu.