Majani Huchuma Mama, Bonasi Hupokea Baba

Sisi wa pwani tukinywa chai na mahamri asubuhi hatuulizi ilichumwa na nani. Nenda Nyansiongo, huko Nyamira kwenye baridi na vilima vya kijani, umwone bibi na kapu mgongoni akichuma majani mawili na chipukizi, kisha akayachukua mpaka kituo cha kupimia. Lakini nambari ya mkulima mara nyingi ni ya mumewe, kwa kuwa shamba ni lake. Malipo ya mwezi, na ile bonasi ya mwaka, humfikia bwana. Karo ya binti basi hungoja hisani.

Msomaji asidhani wanawake hawa wamekaa tu. Tangu kale Wagusii wana egesangio, yaani wanawake wachache kulimiana mashamba kwa zamu. Siku hizi wana na zamu ya fedha, ambayo ndiyo upatu wetu hasa. Hazina ya serikali ya kuwakopesha wanawake, iliyoanzishwa 2007, nayo hukopesha vikundi. Mwenye kuleta mradi aanzie hapo, asije na kamati yake mpya na mwenyekiti wa kiume!

Ila upatu hautoi ardhi. Sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inahesabu jasho la mke, hata la shambani, lakini mgawo wenyewe hungoja talaka. Mwenye ndoa nzima je? Katika nchi ya michai wako waliopatana na waume zao, wakapewa mistari kadhaa kwa nambari ya mke. Ni mistari michache, lakini siku ya malipo jina ni lake.