Kamera ya Ulinzi na Giza la Usiku

Kamera ya ulinzi iliyotundikwa barazani huonyesha mchana sura ya kila mtu apitaye langoni. Usiku, wakati ambapo mwenye nyumba huihitaji zaidi, picha yake aghalabu hujaa chenga, na mtu aingiaye huonekana kama kivuli kisicho na uso. Katika nchi zilizo karibu na ikweta usiku huchukua takriban saa 12 mwaka mzima; kwa hiyo kamera isiyoona gizani huilinda nyumba nusu ya siku tu. Je, ni kitu gani kinachoiharibu picha hiyo, na yaweza kurekebishwa kwa njia gani?

Nuru na matone ya mvua

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba nuru hupokelewa kwa vipande vidogo vidogo vya nishati, ambavyo leo huitwa fotoni. Nyuma ya lenzi ya kamera kuna bamba la silikoni lililogawanywa katika vyumba vidogo sana, yaani pikseli. Fotoni igongapo silikoni yaweza kuibandua elektroni moja, na kila pikseli hupima elektroni ilizozikusanya.

Tuchukue mfano wa vikombe vilivyopangwa uani. Mvua kubwa ikinyesha, vyote hujaa karibu sawasawa. Yakianguka manyunyu ya dakika moja, kikombe kimoja hupata matone 6, cha pili matone 2, na cha tatu hakipati hata moja, ingawa vyote viko chini ya wingu lile lile. Hisabati hutuambia kwamba kadiri ya tofauti hizo za kubahatisha ni kipeuo cha pili cha idadi ya wastani. Pikseli ikipokea fotoni 10,000, tofauti ni 100, yaani asilimia 1, na jicho haliioni. Ikipokea fotoni 4, tofauti ni 2, yaani asilimia 50. Hizo ndizo chenga.

Kamera nyingi hujaribu kulishinda giza kwa kuikuza ishara ya umeme itokayo kwenye pikseli. Lakini ishara ikikuzwa, chenga nazo hukuzwa pamoja nayo. Picha hung'aa zaidi, ila haionyeshi zaidi.

Kukusanya nuru zaidi

Njia ya kwanza ni kurefusha muda wa kupokea nuru. Njia hii ina gharama yake. Mtu atembeaye kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde husogea sentimita 6 katika muda wa 1/25 ya sekunde. Muda huo ukirefushwa hadi 1/5 ya sekunde, husogea sentimita 30, na uso wake hufutika. Njia ya pili ni kutumia lenzi yenye tundu pana: kipenyo kikiwa maradufu, nuru ipitayo huwa mara nne.

Njia ya tatu, iliyo bora, ni kuongeza nuru yenyewe. Taa ya kawaida iliyowekwa karibu na lango huhifadhi pia rangi za mavazi. Asiyetaka taa ionekanayo hutumia mionzi ya infraredi. Jicho la binadamu huona mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, bali silikoni huhisi hadi karibu nanomita 1,100. Kwa sababu hiyo kamera nyingi zina taa ndogo za nanomita 850 au 940. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili kwa kuielekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu na kubonyeza kitufe: mara nyingi kamera itaonyesha mwanga ambao jicho halikuuona. Simu nyingine huchuja mionzi hiyo. Basi na ijaribiwe nyingine.

Hata hivyo, nuru hupungua kwa mraba wa umbali. Uso ulio mita 12 kutoka kwenye taa hupata 1/16 tu ya nuru ipatwayo na uso ulio mita 3. Ni afadhali, basi, kuiweka taa karibu na mahali mtu apitapo. Vilevile utando wa buibui ulio mbele ya lenzi, au ukuta mweupe ulio kando yake, hurudisha mionzi mingi. Kamera hudhani pana mwanga wa kutosha, ikapunguza nuru iipokeayo, na uwanja wote hubaki gizani. Kufagia utando ni tiba isiyohitaji fedha.

Mpaka wa marekebisho

Kompyuta yaweza kupunguza chenga kwa kutafuta wastani wa picha nyingi: picha 16 za kitu kisichosogea hupunguza chenga mara nne. Lakini mtu asogeaye hugeuka ukungu. Zipo pia programu zinazouchora upya uso uliofifia kwa kubahatisha kutokana na nyuso nyingine zilizofunzwa. Uso huo huvutia, lakini sehemu yake haikutoka langoni, ilibuniwa. Vivyo hivyo, chini ya infraredi shati jeusi laweza kuonekana jeupe. Anayemshitaki jirani kwa picha ya namna hiyo aweza kumtia hatiani mtu asiye na kosa.

Fotoni ambayo haikupokelewa usiku haiwezi kurudishwa asubuhi. Kwa hiyo kazi ya kuiboresha picha haina budi kuanza langoni, kwa taa na kwa lenzi safi, kabla mgeni hajafika.